Mvumo wa Kopo la Biskuti

Duka la vipuri vya umeme lilikuwa limejaa watu hadi mlangoni. Aliyetafuta plagi alipiga kelele, aliyerudisha feni iliyokataa kuzunguka alipiga kelele zaidi, na muuzaji aliwajibu watu watatu kwa mpigo bila kumtazama hata mmoja. Katikati ya msukumano huo alisimama kijana mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono imesimama kama makali ya kisu, futi ya kushonea inaning'inia shingoni. Kifuani alikumbatia kopo la biskuti kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu.

"Nataka kitu cha kuondoa mvumo," akamwambia muuzaji.

"Mvumo gani?"

"Mvumo tu. Mmmmm."

Watu wakacheka. Muuzaji akageukia mwenye feni.

"Hebu ufanye tena," ikasema sauti ya mwanamke nyuma yake. "Ni mmmm au ni mzzzz?"

Kijana akageuka. Aliyesema alikuwa amevaa ovaroli ya buluu yenye matundu ya kuungua kwenye kiwiko, kitambaa cha maua mekundu kichwani, na penseli imechomekwa ndani ya kitambaa. Alikuwa fundi wa redio, karakana yake ilikuwa mitaa miwili kutoka hapo, na watu wote walimwita Cheche.

"Kwani kuna tofauti?" akauliza kijana.

"Kama ya mbu na nyuki. Mmoja unampiga kofi, mwingine unampisha."

Kijana akafumba macho, mbele za watu wote wale, akavuma, "Mmmmmm," mpaka pumzi ikamwishia. Hakuona haya hata kidogo. Cheche akajikuta anatabasamu kabla hajaamua kutabasamu.

"Nani alikutengenezea hilo?"

"Nimelitengeneza mwenyewe."

"Na wewe ni mshonaji."

"Umejuaje?"

"Una futi shingoni, kaka. Au ni nyoka?"

Akamvuta pembeni, kwenye meza ya balbu, akafungua kopo. Alitegemea kukuta fujo. Akakuta nyaya zimepangwa sambamba na kufungwa pamoja kwa uzi, fundo moja kila baada ya upana wa kidole, kama pindo la suti. Miaka yote ya ufundi wake hakuwahi kuona nyaya zilizoshonwa.

Kijana akamweleza. Sindano ya gramafoni hutoa sauti ndogo mno, redio kubwa haiwezi kuipokea mpaka kwanza ikuzwe kidogo, na hiyo ndiyo kazi ya kopo. Mchoro aliupata kwenye gazeti la zamani. Akatafuta vipande kimoja kimoja, akavilehemu. Sauti ilitoka, lakini mvumo ulitoka nayo.

"Nina kikuza sauti cha kiwandani," Cheche akasema. "Nitakuazima. Hili weka biskuti."

"Hapana, dada. Baba yangu hajawahi kunivisha nguo ya dukani tangu nizaliwe. Na mimi siwezi kumpelekea sauti ya mama kwa kitu cha dukani."

"Sauti ya mama?"

"Aliimba siku moja tu, kabla sijazaliwa. Ipo santuri moja. Mama hayupo tena, na masikio ya baba yanafunga. Daktari anasema la kushoto limekufa, la kulia litafuata kabla mwaka haujaisha. Hilo lililobaki linapata sauti nene tu. Mvumo anausikia vizuri kuliko sisi wawili. Anayefunikwa ni mama."

Cheche akachomoa penseli kichwani.

"Nipe namba yako ya simu, Bwana Futi. Huo mvumo tutautoa."

*

Asubuhi yake simu iliita kabla Cheche hajafungua mlango wa karakana.

"Fundi, nimeitoa transfoma ndani ya kopo kama ulivyoniambia. Nimeiwekea kopo lake, mbali."

"Vizuri. Transfoma ni kama shemeji mwenye domo. Unampenda, lakini humlazi chumba kimoja na mgonjwa. Sogeza simu kwenye spika nisikie."

Mmmmm, ikasema simu.

"Umepungua," akasema Cheche.

"Kweli?"

"Nusu. Usishangilie bado."

Siku ya pili akaenda mwenyewe. Duka la ushonaji lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye cherehani mbili, meza ya kukatia, na pasi ya mkaa dirishani, kwa maana umeme wa mtaa ule ulikuwa mgeni asiyeaga. Mwisho wa chumba alikaa mzee mmoja mwembamba kando ya gramafoni yake, mikono magotini. Cheche akamsalimu kwa kupiga goti na kusema karibu na sikio la kulia. Mzee akaitikia kwa furaha, akamsogezea kigoda chake mwenyewe, yeye akasimama mpaka kijana alipomletea kiti kingine.

Joto lilikuwa kali. Cheche akavua ovaroli, akabaki na gauni lake la kazi, akafungua kopo. Waya ulioleta sauti kutoka kwenye gramafoni ulikuwa uchi. Akaubadilisha kwa waya wenye ganda la nyavu, ambalo huzuia takataka za hewani, kisha akatoa mfukoni kipande cha uzi wa njano na kuufunga kwenye waya mpya.

"Huo wa nini?" akauliza kijana.

"Mwalimu wangu wa kazi alinifundisha. Ukiongeza waya kwenye kazi ya mtu, ufunge uzi wa njano, ili atakayekuja baada yako ajue kuna mkono umepita hapa. Waya usio na uzi ni waya wa mwizi."

Kijana akaenda kwenye droo yake, akarudi na kibiringo kizima cha uzi wa njano, akamwekea kiganjani.

Jioni, Cheche alipovaa ovaroli yake nyumbani, aliona tundu la kiwiko halipo. Palikuwa na kiraka cha buluu ileile, mishono midogo kama njia ya sisimizi. Wakati gani kijana alikishona, hakujua. Mama yake akaushika mkono ule, akaugeuza upande wa taa.

"Mwanaume anayeshona kiraka bila kuombwa," mama akasema, "huyo, mwanangu, usije ukamfukuza kwa ulimi wako. Nakujua."

"Mama, ni mteja tu."

"Ndiyo. Na mimi nilikuwa mteja wa baba yako. Alikuwa anauza chumvi. Nyumba yetu ilijaa chumvi mpaka bibi yako akauliza kama tunakausha samaki."

*

"Siku hizi naota," kijana akasema kwenye simu siku ya Alhamisi.

"Unaota mvumo?"

"Na anayeusikiliza."

Cheche akakohoa kidogo. "Bwana Futi, weka kiganja juu ya kopo. Uniambie linafanyaje."

"Limenyamaza! Ngoja. Nikiachia linaanza tena. Fundi wangu, linataka kushikwa."

"Linataka waya wa ardhi. Chuma cha gramafoni hakijaungwa na kopo, kwa hiyo umeme mpotevu hauna njia ya kwenda. Mkono wako ndio unaokuwa njia."

"Na fundi mwenyewe anataka nini?"

"Fundi anataka ukate simu, ana redio ya mwalimu mkuu mezani." Lakini hakukata, na kijana naye hakukata. "Jumamosi nitakuja niuunge. Ni waya mmoja tu umebaki. Mwambie baba avae koti."

Ijumaa umeme ulikatika mtaa mzima tangu alfajiri. Cheche akaona hiyo ndiyo nafasi. Aliwaza jinsi Jumamosi angeingia, akae kama mgeni, kijana awashe, na kimya kitoke chenyewe kama zawadi. Akaenda mchana, akijua kijana yuko nje anapeleka makoti ya wateja. Alimkuta mzee peke yake. Akachomeka ncha ya chuma chake cha kulehemu kwenye mkaa wa pasi mpaka ikawiva, akaunga waya mmoja mwembamba kutoka kwenye gramafoni hadi kwenye kopo, akaupitisha chini ya ubao usionekane.

Akatoa uzi wa njano. Akautazama, akaurudisha mfukoni. Uzi ungemfichua.

Akaweka kidole mdomoni mwake, akimwashiria mzee: siri, baba. Mzee naye akaweka kidole mdomoni, macho yakicheka.

*

Jumamosi umeme ulirudi. Cheche alivaa gauni la kijani lenye mkanda, viatu vya kisigino kifupi, na kwa mara ya kwanza penseli ilibaki nyumbani. Mzee alikuwa amevaa koti jeusi alilolishona mwenyewe siku za ujana, vifungo vyote vimefungwa. Kijana alikuwa anatembea huku na huku kama bwana harusi.

"Umependeza, fundi."

"Washa kwanza. Sifa baadaye."

Akawasha.

MMMMMMMM. Vioo vya dirisha vilitetemeka. Haukuwa mvumo wa juzi wala wa siku ya duka. Huu ulikuwa mkubwa kuliko yote.

Mzee akainua uso, akainua na kidole. "Nasikia," akasema. "Ndiye? Ameanza kuimba?"

Kijana akazima, na shingo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Umeligusa kopo?" Cheche akauliza.

"Sijaligusa kopo." Alijibu haraka mno.

Cheche akazunguka nyuma ya redio kubwa. Skrubu moja ilikuwa na mkwaruzo mpya, unang'aa. "Hii imefunguliwa. Umeleta fundi mwingine?"

"Sijaleta mtu yeyote. Labda wewe ndiye ulifanya kitu."

"Mimi? Si umeniona naingia sasa hivi!" Haukuwa uongo kamili, lakini ukweli nao haukuwa hapo.

"Wiki nzima unaniambia umepungua, umepungua. Umepungua wapi? Labda hujui kazi, unapenda kupigiwa simu tu."

"Nani? Mimi sijui kazi?" Ulimi ukatoka mbio kabla ya akili kuvaa viatu. "Basi kashone suruali, Bwana Futi! Mambo ya umeme waachie wenyewe. Na hilo kopo ningelitia biskuti tangu siku ile!"

Akachukua mkoba. Mlangoni alimtazama mzee. Mzee hakuwa amesikia neno hata moja. Alikuwa bado ameegemea spika, anasubiri.

*

Jumapili simu iliita mara nne. Cheche aliitazama mara zote nne. Kimya kikuu kina mshindo mkuu, na kile cha siku hiyo kilimpasua masikio.

Jumatatu simu haikuita. Uliingia ujumbe wa sauti. Akausikiliza akitegemea matusi au samahani. Ulikuwa mvumo, basi. Nusu dakika ya mvumo, na katikati yake ngo, ngo, ngo, kidole kinagonga kopo, kisha kiganja kinatulizwa juu yake. Mtu yule hakutaka kuomba wala kugomba. Alikuwa anaendelea na kazi, na alikuwa anamwita mwenzake aendelee.

"Mama," Cheche akasema, "leo sili mpaka nijue."

"Kula, halafu ujue."

Akala kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu sikioni. Akausikiliza mara kumi. Zamani kiganja kikigusa kopo, mvumo ulikuwa unazima. Sasa kiganja kinagusa na mvumo haujali. Maana yake waya wake yeye ulikuwa unafanya kazi, kopo lilikuwa limepata ardhi. Kwa nini basi linanguruma?

Akakataa kubahatisha. Akatafuta kopo la maziwa, akaunga vipande vilevile kwa mchoro uleule, akavaa ovaroli akaanza. Akafunga waya mmoja wa ardhi: kimya. Akautoa: mvumo mdogo. Akaurudisha, akaegemea kiti, na mkono wake ukapapasa kiwiko, kwenye kile kiraka. Alifanya hivyo siku hizi kila alipofikiri. Mishono ya sisimizi. Kitu kimefanywa kimyakimya, mwenyewe hayupo, bila kuombwa.

Akasimama wima.

Akachukua waya wa pili. Akautoa kwenye gramafoni yake ya majaribio, akaupeleka nyuma ya redio, chini ya skrubu. Akawasha.

MMMMMMMM.

"Ewe Mungu wangu," akasema Cheche. Umeme uliopewa njia mbili za kwenda ardhini hauendi kokote. Unazunguka tu kama punda wa kinu, na mlio wa kinu ndio ule.

Yeye alifunga njia moja akaificha. Na mwenzake, asiyejua, alifunga ya pili akaificha. Kila mmoja alitaka kumpa mwenzake kimya.

Lililobaki ndilo lilikuwa gumu. Fundi mzima aende kwa mteja akaseme, mimi ndiye niliyeweka waya wa mwizi. Mama yake alimtazama anavyozunguka karakana.

"Mficha uchi hazai," mama akasema. "Nenda na ovaroli hiyohiyo."

*

Alifika mchana. Kijana alikuwa kwenye cherehani, macho mekundu, hajanyoa. Mzee alikuwa kitini, koti la Jumamosi bado amelivaa. Hilo koti ndilo lililomkata maini Cheche.

"Kabla hujasema kitu," akaanza, "Ijumaa nilikuja hapa ukiwa hupo. Nilifunga waya wa ardhi, nikauficha chini ya ubao. Sikufunga uzi. Nilitaka ushangae. Kisha Jumamosi nikajifanya ndiyo kwanza naingia. Mwizi ni mimi."

Kijana akaacha cherehani. Mabega yakaanza kumtikisika, na Cheche hakujua kama analia au anacheka.

"Ijumaa jioni," kijana akasema, "baada ya kurudi, na mimi nilifunga. Nikaushonea kitambaa cheusi ufanane na pindo la gramafoni, nikaupeleka nyuma ya redio. Nilitaka uje Jumamosi ukute mteja wako amejifunza. Ukaniuliza kopo, nikasema sijagusa kopo. Kopo kweli sikuligusa."

"Ujanja wa mshonaji!"

"Kikulacho ki nguoni mwako, fundi wangu. Kilikuwa nguoni, nimekishona mwenyewe."

Wote wawili wakamgeukia mzee. Kijana akainama kwenye sikio la kulia. "Baba! Ulimwona huyu akifunga waya?"

"Nilimwona."

"Na mimi uliniona?"

"Nilikuona."

"Sasa mbona hukusema?"

Mzee akaweka kidole mdomoni, kama alivyoelekezwa. "Mlinikataza," akasema. "Wote wawili. Ningevunja ahadi ya nani?"

Walicheka mpaka mpita njia akachungulia.

"Utoke wangu," akasema Cheche akishika mkasi. "Wako umeshonwa vizuri mno."

"Hapana, wangu. Wewe ndiye fundi."

"Mteja ndiye mwenye nyumba."

"Tuiulize mashine," kijana akasema. "Mashine haina upendeleo."

Wakauchomoa wa Cheche kwanza. Kinu kikasimama, lakini mvumo mwembamba ukabaki nyuma, kama mtu anayenong'ona chumba cha pili. Wakaurudisha wa Cheche, wakafungua skrubu ya redio. Kijana akafumua mishono yake kwa ncha ya wembe, mmoja mmoja, polepole, akautoa waya wake wote na kitambaa chake.

Cheche akafungulia sauti mpaka juu. Akaweka sikio kwenye spika. Hakuna. Hakuna kabisa. Ukimya ulikuwa safi kama shuka iliyotoka kuanuliwa.

Kijana akashusha sindano.

Kwanza mkwaruzo mdogo wa vumbi. Kisha gitaa. Kisha sauti ya mwanamke, nene kidogo, yenye kutembea bila haraka, ikajaza chumba kile kirefu. Mzee hakusogea. Ubeti wa kwanza ukapita, uso wake ukiwa vilevile, na Cheche akaushika mkono wa kijana bila kujua ameushika. Wamechelewa? Sikio limekwisha kufunga?

Katikati ya ubeti wa pili ile sauti ilisita. Ikasita tena, halafu ikapasuka kicheko, palepale ndani ya santuri, na gitaa likamsubiri.

"Hapo!" mzee akasema, machozi yakimtiririka hadi kwenye vifungo. "Hapo ndipo alisahau maneno. Walitaka arudie, akakataa. Alisema, atakayenipenda atanipenda na hapo." Akaligonga goti lake. "Tangu Jumamosi nasubiri hapo."

Waliipiga mara tatu. Mara ya tatu mzee alianza kucheka kabla yake.

Cheche akapiga magoti chini ya gramafoni, akatoa uzi wa njano, akaufunga kwenye waya wake mafundo mawili. Kijana akachuchumaa kando yake.

"Nikatie na mimi kipande."

"Wa kufunga wapi? Waya wako umetoka."

Kijana alikipokea kile kipande, akakishika kidole cha pete cha Cheche, chenye kovu la kuungua, akakizungushia uzi mara tatu, akafunga fundo dogo la kishonaji, lile lisilofunguka kwa kuvutwa.

"Pete inakuja," akasema. "Huu ni wa leo, ili yeyote atakayekuja baada yangu ajue kuna mkono umepita hapa. Sitaki kuwa waya wa mwizi, Cheche. Nataka kwenda kwa mama yako mchana kweupe."

Cheche alikitazama kidole chake. Alitafuta neno la kumtania, akalikosa, jambo ambalo halijawahi kumtokea.

"Uje Jumapili," akasema mwishowe. "Na usilete chumvi."

"Chumvi? Chumvi ya nini?"

"Mama atakueleza mwenyewe."

Nyuma yao mzee alikuwa amefungua kifungo kimoja cha koti. Akawatazama, akaona uzi, akaelewa. Kisha akaweka kidole mdomoni na kuuliza kwa macho: na hili je, ni siri?

"Hapana, baba," Cheche akamwambia karibu kabisa na sikio la kulia. "Hili mwambie kila mtu."